Winchi ya kigari mteremkoni Bukavu: sensa gani ya kuisimamisha kamba ikifika mwisho?

Fundi_Nguba (Bukavu)

Wakubwa, salamu kwenu wote. Nina kazi huku Nguba, nataka mawazo kabla sijagusa pesa ya mteja.

Kiwanja kiko kwenye mteremko kati ya barabara na ziwa. Mchanga na mawe vinafika kwa mtumbwi, halafu vinapanda. Mteja ametandika reli za mita 60, mteremko kama digrii 35, na kigari ambacho kikijaa kinafika kilo 600. Juu kuna winchi: mota ya kW 3 ya fazi tatu yenye breki yake, giaboksi, ngoma ya kipenyo cha milimita 200 na upana wa milimita 300, kamba ya chuma ya milimita 8. Kamba inakwenda karibu mita 20 kwa dakika.

Kwa sasa kijana anashika kibonye na kutegemea macho. Akipigiwa simu wakati kigari kinakaribia fremu ya juu, basi tena. Nataka winchi isimame yenyewe, juu na chini.

Dukani wananiambia nichukue sensa ya ukaribu, ile ya kuhisi chuma, M18 (mwili wa milimita 18). Jirani anasema nifunge sumaku kwenye kamba na swichi ya ridi, ile inayofungwa na sumaku. Mdogo wangu anataka enkoda, kifaa cha kuhesabu mizunguko, kwenye ngoma. Na kuna aliyetaja jicho la mwanga. Nichukue ipi?

Mashua_Goma

Ndugu, mimi navuta mashua kutoka ziwani hapa Goma, reli na winchi kama zako, ila mteremko wangu ni mpole. Kati ya hizo nne ulizotaja, kwa kusimamisha mwisho kabisa sichukui hata moja. Chukua fendekursi ya kawaida, swichi ya chuma yenye mkono na rola, IP67 (haiingizi vumbi wala maji). Iwe ile yenye alama ya mshale ndani ya duara. Alama hiyo maana yake mkono ukisukumwa, chuma ndani kinazibandua kontakti (ncha za kupitisha umeme) kwa nguvu ya kigari chenyewe, hata kama zimeanza kushikana. Hazingojei springi.

Waya zipite kwenye kontakti ya NF (vifaa vingine vinaandikwa NC), ile inayopitisha umeme mpaka isukumwe, na hiyo iingie moja kwa moja kwenye njia ya koili ya kontakta ya kupandisha, yaani swichi kubwa ya mota inayovutwa na koili. Waya ukikatika, panya akiutafuna, maji yakiingia kwenye kiunganishi, kigari hakipandi. Utakasirika, lakini hakipandi.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita ni urefu wa ulimi. Kigari kibebe bapa la chuma la kusukuma rola, ncha yake ichongwe kwa mteremko ili rola ipande taratibu badala ya kugongwa. Ulimi huo uwe mrefu kuliko umbali ambao kigari huteleza baada ya umeme kukatwa. Ukiwa mfupi, kigari kinapita, mkono unarudi, kontakti inafunga tena, na kijana ambaye bado amekandamiza kibonye anaendelea kupandisha. Hapo swichi imefanya kazi yake vizuri na fremu imevunjika vilevile.

Dogo_Mikrokontrola (Goma)

Kwa heshima, yaya Mashua, swichi za rola ni za zamani. Enkoda moja kwenye ngoma inakupa yote: mahali kigari kilipo, kupunguza mwendo mapema, kusimama juu, kusimama chini. Unazidisha mizunguko kwa mzingo wa ngoma, umemaliza. Hakuna waya wa mita 60 kwenda ziwani, hakuna rola ya kujaa mchanga.

Mwalimu_Umeme (Bukavu)

Dogo, wazo lina mahali pake, ila hesabu yako inadhani kamba inajiviringa safu moja tu. Chukua vipimo vya Fundi. Ngoma ya 200, kamba ya 8: safu ya kwanza inavuta karibu milimita 653 kwa mzunguko. Upana wa 300 unabeba mizunguko kama 37, kisha kamba inapanda juu ya kamba. Safu ya pili inavuta karibu 697, ya tatu karibu 740. Kwa mita 60 utafika safu ya tatu, jumla kama mizunguko 87. Ukizidisha 87 kwa 653 unapata chini ya mita 57. Programu yako itaamini zimebaki mita tatu kumbe kigari kimefika.

Unaweza kuandika hesabu ya safu tatu, sawa. Lakini hiyo inadhani kamba inajipanga vizuri kila siku, na ngoma laini bila kiongoza kamba haijipangi vizuri kila siku. Kisha kuna kukatika kwa umeme. Enkoda ya kawaida inahesabu mapigo tu. Umeme ukienda hesabu inafutika, na kama mtu ameachia breki kwa mkono kushusha mzigo, ukirudi mashine haijui iko wapi. Ile inayokumbuka mizunguko yote ipo, ila bei yake mteja wa mchanga ataikimbia.

Halafu ona jambo lingine kwenye namba hizo. Juu, kwenye safu ya tatu, kamba inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 13 kuliko chini. Ile mita 20 kwa dakika inakuwa karibu 22 na nusu, na ni upande huohuo wenye fremu ya kugonga.

Dogo_Mikrokontrola (Goma)

Mwalimu, hiyo ya safu imeingia. Basi sensa za ukaribu: mbili juu, mbili chini, hazigusi kitu kwa hiyo haziliki.

Mashua_Goma

M18 inaona chuma kwenye milimita 5, na ile isiyozibwa pembeni milimita 8. Kigari cha magurudumu ya kuchomelea kwenye reli za kuchomelea kinayumba zaidi ya hapo. Leo kinapita mbali sensa haikioni, kesho kinapita karibu kinang'oa sensa. Ukitaka kutumia hizo, nenda M30, tengeneza kiongozi cha kuzuia kigari kuyumba pale mwishoni, na bapa la kuonwa liwe la chuma cha kawaida. Aluminiamu inaifupisha sana ile milimita unayosoma kwenye karatasi.

Mwalimu_Umeme (Bukavu)

Nyongeza kwa wanaonunua bila kuuliza. Sensa nyingi za aina hiyo ni za volti 24 za DC, na ndani yake kuna transista, swichi ya kielektroniki. Huwezi kuipa koili ya kontakta ya volti 220. Unapitia relei, swichi ndogo inayovutwa na koili. Uliza pia kama ni PNP (inatoa chanya) au NPN (inatoa hasi), maana ukichanganya utakaa siku nzima ukidhani imekufa.

Na transista ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeshikana, yaani inaendelea kupitisha. Hata ukichagua sensa ya NF, waya ukikatika unalindwa, lakini transista ikishikana winchi itaamini njia ni nyeupe. Kwa hiyo iwekwe ya kupunguza mwendo au ya kuwasha taa. Kusimama kwa mwisho kuachiwe chuma kinachobandua chuma.

Ridi ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Vile vijiti viwili ndani ya kioo havipendi koili, vinaungana. Pia sumaku ya kwenye kamba inapita mbele yake kwa kufumba na kufumbua, na ikishapita swichi inarudi ilivyokuwa, kosa lilelile la ulimi mfupi. Jicho la mwanga sina haja ya kulisema sana: mchanga, mvua, na ukungu wa ziwa asubuhi. Litasimamisha kigari katikati ya mteremko kila wiki mpaka mtu alidanganye kwa kipande cha kioo cha kujitazamia.

Kipushi_Chini (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lubumbashi, bandugu. Mimi niko upande wa mashine za mashimo ya mgodi. Mgodini Kipushi shimo linazidi mita 1,000 kwenda chini, kwa hiyo swali la Fundi ni lile tunalolala nalo, ila kwetu ndani ya kizimba kuna watu.

Migodini kuna desturi moja ya kuiga: kikomo hakichukuliwi mahali pamoja. Kimoja kinatoka kwenye ngoma, kwa giya na kemu (gurudumu lenye nundu la kusukuma swichi). Kingine kiko kwenye mnara, kinasukumwa na kizimba chenyewe. Cha ngoma kinajua mizunguko lakini hakijui kama kamba imeteleza au imenyooka kwa uzee. Cha mnara hakijui chochote isipokuwa kwamba kizimba kimefika, na hicho ndicho cha kukata umeme. Juu ya vyote kuna ndoano ya kujiachia, kama ile ya Ormerod: kizimba kikivutwa kupita kiasi, ndoano inaingia kwenye bamba la mnara, inaachia kamba na kukining'iniza kizimba palepale. Haina waya hata mmoja.

Fundi hahitaji ndoano. Lakini swichi mbili juu anahitaji, na ya pili isiwe kwenye njia ya koili ya kupandisha.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Papa Kipushi, kwa nini isiwe kwenye njia ileile? Nilitaka kuziunga mbili kwa mfululizo.

Kipushi_Chini (Lubumbashi)

Kwa sababu kontakta nazo huungua. Kontakta ya kupandisha ikiungana meno yake, unaweza kukata koili hata mara kumi, mota itaendelea kuvuta. Swichi ya kwanza inakata koili ya kupandisha. Ya pili, sentimita kadhaa mbele, inakata koili ya kontakta kuu inayozilisha umeme zote mbili, ya kupanda na ya kushuka. Hiyo ikikatika kila kitu kinalala, na breki ya springi, ambayo hufunguliwa na umeme, inashika. Hakikisha tu breki inachukua umeme wake baada ya kontakta kuu, isije ikabaki wazi.

Kuna sababu ya pili, na hii imewakuta wengi huku. Shirika la umeme likitengeneza laini, au fundi akibadilisha kebo, fazi mbili zinaweza kubadilishana nafasi. Mota inazunguka kinyume. Unabonyeza kushuka, kigari kinapanda. Sasa angalia swichi yako ya juu: imekata koili ya kupandisha, lakini kigari kinapandishwa na koili ya kushusha, ambayo swichi hiyo haiijui kabisa. Fendekursi nzima, mpya, IP67, na haina kazi. Swichi ya pili inayokata kontakta kuu haijali mwelekeo. Na uweke relei ya mfuatano wa fazi kwenye kisanduku. Ni kidude kidogo, fazi zikigeuka au moja ikikosekana hakiruhusu kuwasha.

Mkandarasi_Temeke (Dar es Salaam)

Hii ya fazi kugeuka hata huku kwetu ipo, hasa kwa wanaokodi jenereta. Jenereta ya leo siyo ya jana.

Nami nitie langu kuhusu chini, naona wote mnatazama juu. Kamba ikiisha kwenye ngoma na kijana bado anabonyeza kushuka, ngoma haisimami. Inaanza kuviringa kamba upande wa pili, na kigari kinaanza kupanda kwa kibonye cha kushuka. Kwa hiyo kikomo cha chini kiwekwe ili ibaki angalau mizunguko mitatu kwenye ngoma, usiichezee. Ile klampu ya kamba haikuumbwa kubeba mzigo wote peke yake. Kwa msuguano mdogo tu wa 0.1, mizunguko mitatu inapunguza mvuto unaoifikia mpaka kama moja ya sita na nusu.

Na usisahau kamba kulegea. Kigari kikikwama njiani kikishuka, jiwe kwenye reli tu, ngoma inaendelea kutoa kamba. Kikijinasua kinaanguka mpaka kamba inyooke ghafla. Hapo ndipo kamba hukatika. Tengeneza mkono wenye rola ukae juu ya kamba karibu na ngoma, kamba ikilegea mkono unaanguka na kusukuma swichi. Swichi ileile ya rola, huna haja ya kununua aina nyingine.

Dogo_Mikrokontrola (Goma)

Kwa hiyo mtu akitaka kikomo cha chini bila kuvuta waya hadi ziwani, ile ya giya na kemu ya Papa Kipushi si inatosha? Inakaa pale pale kwenye ngoma.

Mwalimu_Umeme (Bukavu)

Inatosha kama kinga ya mizunguko mitatu ya mwisho, na ni nzuri kuliko enkoda kwa kuwa umeme ukikatika haisahau, ni giya tupu. Ila hesabu usahihi wake. Mizunguko 87 inataka uwiano wa 1:100 hivi. Basi mzunguko mmoja wa ngoma unasogeza kemu digrii 3.6 tu. Kemu ikiwa na ulegevu wa digrii 2, upande wa juu hiyo ni sentimita 40 za kamba. Chini, ambako kigari kinaingia kwenye mchanga wa ufukwe, sentimita 40 si kitu. Juu ni fremu.

Halafu iunge ngoma na kemu kwa mnyororo au giya, usitumie mkanda. Mkanda ukiteleza umepoteza kila kitu na hautakuambia.

Mashua_Goma

Kuhusu umbali wa kusimama: usiuhesabu, upime. Chaki kwenye reli pale rola inapoguswa, kisha chaki pale kigari kiliposimama. Na pima sahihi! Juu, pima kigari kikiwa kitupu. Wengi wanakipakia wakidhani mzigo mkubwa ndio mbaya, lakini kikipanda, uzito wenyewe unakisimamisha. Kitupu ndicho kinateleza mbali. Chini ni kinyume: pima kikiwa kimejaa, hata kama mteja anasema hatashusha kitu. Siku moja atashusha kifusi.

Ukikuta umbali ni mkubwa, kabla hujanunua breki nyingine fungua kisanduku cha mota. Breki hizo zina koili ya DC inayolishwa na rektifaya, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC. Ukikata umeme upande wa AC tu, mkondo unaendelea kuzunguka kwenye rektifaya na breki inashika kwa uvivu. Peleka kontakti ya ziada ya kontakta ikate upande wa DC pia. Tofauti utaiona kwa chaki.

Mama_Karakana (Goma)

Mimi nauliza swali la mtu anayelipa mafundi. Swichi ya pili ikikata kila kitu, kigari kimekaa juu ya fremu na mchanga ndani. Kinarudije? Maana najua kitakachotokea: fundi wa zamu atafungua kisanduku, ataweka kipande cha waya, na kipande kitabaki pale mpaka mwaka ujao.

Kipushi_Chini (Lubumbashi)

Mama, umegusa penyewe. Weka swichi ya ufunguo inayorudi yenyewe ukiiachia. Ikishikiliwa inaruka kikomo cha mwisho, lakini kwa kushuka tu; njia ya koili ya kupandisha ibaki imekatwa. Mtu mmoja anashika ufunguo, mwingine kibonye. Ufunguo ukae kwa msimamizi, usining'inie kwenye kisanduku. Na kuachia breki kwa mkono kigari kikiwa kimejaa kwenye digrii 35, hapana. Pakueni mchanga kwanza.

Mama_Karakana (Goma)

Na wabebaji wakichoka wakapanda juu ya mawe?

Kipushi_Chini (Lubumbashi)

Hapana kabisa. Kubeba watu ni mashine nyingine: breki mbili, kinga ya mwendo kuzidi, kamba ya kipimo kingine, na mkaguzi. Bandika kibao na fanya kigari kisiwe na mahali pa kukaa.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Nimerudi. Nimechukua swichi nne za rola za NF zenye mshale: mbili juu, moja chini, moja kwenye mkono wa kamba kulegea. Kemu ya giya 1:100 kwenye ngoma kwa mnyororo. Relei ya fazi. Transfoma ya volti 24 kwa njia zote za swichi, kwa sababu huku chini watoto wanaoga na waya unapita karibu na maji. Enkoda nimempa mdogo wangu moja aionyeshe namba tu kwenye kioo, haikati kitu.

Nimepima kwa chaki kama mlivyosema. Kabla ya kukata breki upande wa DC: kitupu juu sentimita 14, kilichojaa chini sentimita 31. Baada ya kukata DC: 6 na 15. Ulimi wa juu nimeukata sentimita 60 na ncha yake nimeichonga digrii 30. Swichi ya pili iko sentimita 20 mbele ya ya kwanza, na kutoka hapo hadi fremu kuna sentimita 35.

Mashua_Goma

Swichi ya pili ikishakata, kigari kitateleza hizo 6, labda 8 mvua ikinyesha. Una nafasi. Na kutoka swichi ya kwanza hadi fremu ni 55, ulimi wa 60 hauwezi kuiachia rola hata kigari kikigonga. Ila hakikisha mkono wa swichi ya kwanza hauvunjiki kwa kusukumwa muda wote huo, ile rola iwe juu ya ulimi bapa, isiendelee kupanda. Tupe picha ya kisanduku kabla hujafunga kifuniko, nataka kuona waya wa breki umetokea upande gani wa kontakta kuu.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Umetoka chini yake, baada ya kontakta. Umeme ukirudi jioni natuma picha.